Kioo Kipya cha Mashine ya Gundi

Kioo cha pili kilikufa Jumatatu, saa nne asubuhi, kikiwa na umri wa siku nne. Cha kwanza walau kilijikaza, kikafika siku tano.

Nezahat, mkuu wa mafundi umeme katika kiwanda cha mazulia cha Ruknettin Bey, yaani Bwana Ruknettin, mjini Antep, Uturuki, alikifungua skrubu zake sita, akakitia kwapani kama mtu atokaye kununua mkate, akapita nacho katikati ya mashine za kufumia. Wafumaji hawakukubali apite hivi hivi.

"Pole na msiba, dada Nezahat! Maziko saa ngapi?"

"Baada ya adhuhuri," alijibu bila kugeuka. "Na mchimba kaburi ni wewe, kwa hiyo usishibe sana."

Walicheka, naye alicheka. Lakini kicheko chake kiliishia mlangoni, maana tangu kioo hicho kifungwe mtu mmoja tu alikuwa amekigusa, na mtu huyo alikuwa Haydar, fundi wa mashine ya gundi.

Mashine ya gundi ndiyo koo la kiwanda kizima. Kila zulia linalofumwa lazima lipite pale: huingia mgongo ukiwa uchi, rola hulipaka gundi, kisha hupita polepole ndani ya tanuri la mita thelathini na kutokea ng'ambo likiwa kavu. Moto ukizidi, gundi hutoa mapovu. Ukipungua, zulia hutoka bichi, na likishakunjwa hujishika lenyewe kwa lenyewe kama ndugu wenye kesi ya urithi, hulitenganishi tena. Ubongo wa mashine hiyo, ile kompyuta ndogo ya kabatini iitwayo PLC, haukuwahi kumsumbua mtu. Kilichozeeka ni uso wake, yaani paneli ya vitufe ambayo Haydar aliibonyeza miaka ishirini na miwili mpaka tarakimu zikafutika. Majira ya kuchipua ilizimika. Walioitengeneza walikuwa wameshaisahau, na ya mtumba iliyopatikana kwa wauza vyuma ilidumu wiki. Basi Ruknettin Bey akamwita Nezahat, akamwambia achague kioo cha kugusa, cha kisasa.

"Chagua" ni neno dogo, ila lilimchoma. Miaka tisa nyuma aliwahi kuchagua kifaa cha kuongozea mota kwa kuamini picha nzuri na mdomo mtamu wa mwuzaji. Kifaa kikaungua, mota ikaungua, naye akakaa miezi sita stoo akikunja nyaya. Tangu hapo Nezahat haamini hata saa ya ukutani mpaka ameilinganisha na ya mkononi. Kioo hiki cha kugusa alikichagua baada ya kuisoma karatasi yake ya maelezo neno kwa neno.

Ofisini, chai ilikuwa imeshamiminwa kwenye vigilasi. Alper, mwuzaji wa vioo kutoka Istanbul, alikuwa amevaa viatu vyenye ncha za kuweza kufungulia skrubu. Alikichukua kioo kilichokufa, akakielekeza dirishani.

"Unaona, Ruknettin Bey? Mistari hii, kama utando wa buibui. Kisha ukungu. Bidhaa yetu haifanyi hivi yenyewe. Karatasi yake inasema wazi: uso wake unavumilia mafuta, sabuni na spiriti. Huu ni mkono wa mtu."

"Mkono wa nani?" aliuliza Nezahat.

"Mimi ni mgeni, bibi. Mgeni hataji majina."

"Mgeni hataji, ila anaelekeza kidole."

Ruknettin Bey aligonga meza kwa kijiko cha chai. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatoa kama anayakata kwa mkasi. "Bwana Alper atafunga kioo cha tatu, cha mwisho. Ijumaa saa tisa, Bibi Nezahat, nataka karatasi moja yenye jibu moja. Ni kioo kibovu, au ni mtu mbovu. Kama ni kioo, bwana huyu achukue vyake aende. Kama ni mtu, Haydar hamalizi wiki."

Haydar alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Kiwanda kizima kilijua, kwa kuwa mwenyewe aliihesabu kwa sauti kila mwisho wa mwezi.

Nezahat alirudi karakana na sukari ya chai ikiwa bado ulimini, akaanza kushuku. Alikuwa na kipaji hicho, na alikilea.

Kwanza alimshuku Haydar, na sababu hakuzikosa. Huko Antep fundi wa gundi halisi haandiki namba zake. Joto la kila chumba cha tanuri, nafasi ya rola, mwendo wa zulia la pamba na wa zulia la sufu, yote hukaa kichwani, huko huko alikoyaweka aliyemfundisha. Haydar alipokuwa akibonyeza paneli ya zamani, bega lake lilikuwa ukuta. Miaka ishirini na miwili hakuna aliyeona tarakimu hata moja. Sasa vioo hivi vipya vilikuwa na sehemu ya kumbukumbu iitwayo "mapishi": unaandika namba za kila aina ya zulia mara moja tu, halafu mtu anagusa jina la zulia, kazi imekwisha. Siku ya kufunga kile cha kwanza, Alper alimpiga Haydar begani akamwambia, "Raha iliyoje, fundi! Ukishaziandika, mtu yeyote ataiendesha mashine hii." Nezahat aliyaona macho ya Haydar. Yalikuwa macho ya mtu aliyeambiwa raha iliyoje, nyumba yako haina tena mlango.

Halafu akamshuku Alper. Mtu anayejua haraka hivyo kwamba kosa si lake, huwa amelijua kosa siku nyingi.

Jumatano asubuhi alijifungia ndani ya kabati la umeme lililo hatua kumi kutoka kwenye kioo cha tatu, na bisibisi mkononi ili akikutwa aonekane anakaza nyaya. Joto la Julai, joto la tanuri, na yeye katikati kama kipande cha nyama katika mkate. Kupitia tundu la nyaya alimwona Haydar akija.

Haydar alitazama kulia. Akatazama kushoto. Akavua glavu zake za gundi. Akaingiza mkono ndani ya koti la kazi, akatoa kichupa.

Haydar akamimina juu ya kioo, akafuta kwa kitambaa cheupe, akamimina tena. Nezahat aliruka kutoka kabatini mpaka mlango ukapiga ukuta.

"Nimekushika, kaka Haydar!"

Mzee alishtuka, kichupa nusura kimponyoke. "We binti una wazimu? Unatoka kabatini kama jini! Unataka nife kabla ya pensheni?"

"Lete hicho!"

Alikinyakua, akakinusa. Limau. Ilikuwa kolonya, yale marashi ya limau ambayo huko kila mgeni humiminiwa viganjani kabla hajaketi, na kila kinyozi humpaka mteja shingoni.

"Kolonya?" alisema Nezahat. "Unakiogesha kioo kolonya?"

Haydar aliinama kama mtoto aliyekutwa na kidole ndani ya asali. "Kila asubuhi. Kitu kipya, binti yangu, kimetoka mbali. Mgeni akiingia kwangu namwachaje bila kolonya? Mke wangu ndiye amenipa hii. Na gundi inarukaruka, sabuni inaacha michirizi. Ukinicheka nenda ukacheke kule kwa wafumaji."

"Mbona unatazama kulia na kushoto kama mwizi wa kuku?"

"Kwa sababu wao wakiniona wataniita mama mkwe! Tayari wananiita hivyo."

Nezahat alijitahidi asicheke. Alikishika kioo cha tatu, akainamisha macho juu yake. Pembeni, palipofutwa zaidi, mistari myembamba ilikuwa imeanza kuota.

Kwa hiyo ni mkono wa mtu. Alper hakusema uongo. Lakini kama ile karatasi yake ilisema uso unavumilia spiriti, na kolonya ni nini kama si spiriti iliyovaa limau, basi uongo ulikuwa umekaa mahali pengine, umekunja nne.

"Usikiguse tena kwa kolonya," alimwambia. "Na usimwambie mtu yeyote mpaka Ijumaa."

"Utaandika nini kwenye karatasi?"

"Ninachokiona."

"Na unaona nini?"

"Sijamaliza kutazama."

Mtu mwingine angeishia hapo, akaenda kula mchuzi wa dengu kwa amani. Nezahat alikumbuka stoo na nyaya zake. Alhamisi alichukua kioo cha kwanza, ambacho uso ulikufa lakini roho ilikuwa bado ndani, akakiunganisha na kompyuta yake, akafungua mapishi. Yalikuwa thelathini na moja, yamepangwa vizuri, kila zulia na jina lake. Haydar ameandika yote! Karibu amsifu.

Kisha, kwa ile tabia yake ya kulinganisha saa na saa, alikwenda kabatini akachukua kutoka kwenye ubongo wa mashine rekodi ya joto halisi la tanuri na ya mwendo, akaviweka viwili hivyo ubavu kwa ubavu. Zulia la pamba: mapishi yanasema nyuzi mia moja thelathini na moja, tanuri lilifanya kazi kwa mia moja arobaini na nane. Zulia la sufu: mapishi yanasema mwendo wa mita tisa kwa dakika, mashine ilikwenda sita. Akaenda la tatu, la kumi, la thelathini. Hakuna hata pishi moja la kweli. Haydar alikuwa akigusa jina la zulia mbele ya watu, halafu bega linageuka ukuta, vidole vinarekebisha kila namba kwa siri. Mtu mwingine akiendesha kwa mapishi yale, angetoa mazulia mabichi kutwa nzima na asijue kwa nini.

Nezahat aliketi juu ya ngoma ya waya. Mzee hakuua vioo. Alikuwa amevilisha uongo. Na kulikuwa na jambo baya zaidi: kioo cha pili, chenye mapishi yale yale, Alper alikuwa nacho hotelini tangu Jumatatu. Naye ana kompyuta.

Ijumaa saa tisa walikaa ofisini, Ruknettin Bey, Alper na Nezahat, na Haydar akasimama karibu na mlango kama mtu asiyetaka kuwasumbua watakaomfukuza. Juu ya meza Alper alikuwa ameweka kioo kipya kabisa, cha nne, alichotumaini kukiuza, kinang'aa.

"Kabla ya yote," alisema Nezahat, "mgeni hajapewa haki yake." Akatoa chupa ya kolonya rafuni. Alper alinyoosha viganja, akamiminiwa, akajipaka mpaka shingoni, akashukuru. Ruknettin Bey naye akapata yake. Kisha Nezahat akageuza chupa juu ya kioo.

"Hapana!" Alper alikirukia kioo, akakikumbatia kifuani. Chai yake ilimwagika.



"Vipi, bwana Alper?" Nezahat alisema kwa upole wote. "Karatasi yako inasema kinavumilia spiriti. Wewe shingo yako imevumilia."

"Inategemea... kiasi... Kuna toleo moja na toleo lingine."

"Toleo lingine lina uso wa aina gani?"

Alper alitazama ncha za viatu vyake. Ruknettin Bey alinyoosha mkono, akakichukua kioo kifuani mwa mgeni, akamimina kolonya kutoka kiganjani mwake mwenyewe na kusugua ukingo kwa kidole gumba. Waliongojea hawakungojea sana. Mistari ilianza kutambaa kama miguu ya mende.

"Plastiki," alisema Ruknettin Bey. "Umenipa karatasi ya kioo kimoja na kioo cha karatasi nyingine. Chukua vyako."

Alper alikusanya vitu vyake taratibu. Ila mtu aliyeshindwa ofisini kwa watu hapendi kutoka peke yake. Mlangoni, alipofika usawa wa Haydar, aligeuka.

"Sawa. Mimi nimedanganya uso. Muulizeni fundi wenu amedanganya nini ndani. Nimesoma mapishi yake. Muulizeni kama kuna namba moja ya kweli." Akaondoka, viatu vikigonga ngazi.

Ruknettin Bey hakumtazama Haydar. Alimtazama Nezahat.

"Ulikuwa unajua?"

Hapo Nezahat aliona milango miwili. Angeweza kusema yalikuwa majaribio tu. Ungekuwa uongo mzuri, wa kueleweka, na kesho kutwa ungemrudisha stoo. Alimtazama Haydar; uso wa mzee ulikuwa wa kijivu kama gundi iliyokauka.

"Tangu jana," alisema. "Ni kweli, Bey. Zote thelathini na moja ni uongo."

"Na karatasi yako iko wapi?"

"Ninayo mfukoni. Imeandikwa kioo kibovu, kwa sababu ndicho ulichouliza. Sasa unauliza la pili, na la pili hili nalo ni la kioo. Kile kilikuwa hakina kufuli. Mtu yeyote mwenye kidole anafungua, anasoma, anabadilisha, anabeba. Wewe sanduku lako la chuma ungelitia hati za kiwanda kama halina mlango?"

"Mimi namwuliza Haydar," alisema Ruknettin Bey.

Haydar alikohoa. "Kweli, Bey. Nimeandika uongo."

"Kwa nini?"

"Nikiandika kweli ninabaki mtu wa kubonyeza. Na wa kubonyeza wamejaa pale getini, vijana, wa bei rahisi, hawana mgongo unaouma. Nimebakiza miezi kumi na minne. Niliona bora niwe mwongo mwenye kazi."

Ruknettin Bey alikunywa gilasi yake ya chai mpaka mwisho. Kisha akamwambia Nezahat, "Kioo umechagua wewe. Basi na mtu mchague wewe. Tia sahihi kwa vyote viwili. Mazulia yangu yakitoka mabichi, mnatoka wote."

Nezahat alitia sahihi.

Safari hii alichagua kama mwanamke anayechagua tikiti maji mbele ya mwuzaji mjanja. Alileta vioo vitatu kutoka kwa watu watatu, na wala hakusoma karatasi zao. Alivipaka gundi, akavigusa kwa glavu. Kimoja kikakataa kuisikia glavu, kama skrini ya simu, akakirudisha. Vilivyobaki aliviogesha kolonya siku sita mfululizo, Haydar akishika kitambaa na wafumaji wakiimba nyimbo za harusi. Kimoja kikakunjamana. Cha mwisho kilikaa na uso wake wa glasi, kinacheka. Nacho kilikuwa na kufuli: kila pishi na namba yake ya siri, na rekodi ya nani amefungua lini. Kitufe chekundu cha kusimamisha mashine kwa dharura aliagiza kibaki pale pale pembeni, cha chuma, cha kupigwa ngumi. Hilo hakutaka kulikabidhi kwa kioo chochote duniani.

Jumatatu iliyofuata alimweka Haydar mbele ya kioo.

"Andika."

"Geuka basi."

Aligeuka. Alisikia kioo kikilia tii, tii, tii kwa kila tarakimu.

"Tayari, binti yangu. Zulia la pamba. Limefungwa kwa namba yangu."

"Vizuri. Sasa kaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nakupenda kama kaka, na sikuamini kama mwuza vioo."

Haydar alikaa. Nezahat aligusa jina la zulia, mashine ikaanza kuvuta. Zulia likaingia tanurini, na kwa dakika tano yeye alimwangalia mzee mikono, mzee akaangalia dari. Zulia lilipotokea upande wa pili, Nezahat alilikimbilia, akaweka kiganja chote mgongoni mwake, akabonyeza. Kavu. Akanusa, akabonyeza pengine. Kavu, na hakuna povu hata moja.

Alirudi polepole. Furaha ilimjia, na nyuma yake, kama kawaida, ikaja shaka.

"Na hayo thelathini mengine?"

"Moja baada ya jingine," alisema Haydar. "Haraka ya nini? Kila wiki mbili nitakupa pishi moja. La kweli, unalijaribu mwenyewe, mikono yangu ikiwa magotini."

"Kila wiki mbili?"

"Mzee huchoka."

Nezahat alianza kuhesabu kwa vidole, akaishiwa, akahesabu kwa meno ya rola. Mapishi thelathini, kila wiki mbili. Wiki sitini, karibu miezi kumi na minne, ile ile ya pensheni. Alimtazama Haydar, na Haydar akatazama kioo kwa makini sana, kana kwamba kuna doa.

"Pishi la mwisho litaangukia wiki ipi, kaka Haydar?"

"Mimi hesabu sijui, binti yangu. Mimi ni mtu wa gundi."

Kutoka kwenye mashine za kufumia mtu alipiga kelele, "Vipi, dada Nezahat, huyu naye atazikwa Alhamisi?"

"Huyu amepona!" alijibu. Kisha akachukua karatasi ya kazi, akaandika: *Pishi la kwanza, limejaribiwa, kavu.* Chini yake akachora mistari thelathini mitupu, akaweka tarehe mbele ya kila mmoja, kila wiki mbili, na mbele ya mstari wa mwisho akamwekea Haydar kalamu.

"Tia sahihi hapa, yote thelathini. Sasa hivi, mbele yangu."

"Huniamini?"

"Hata kidogo. Andika."